Gharama Isiyotoka Mfukoni: Hisa za Wafanyakazi na Somo la Faida na Hasara

Mwalimu anayefundisha faida na hasara katika madarasa ya juu ya shule ya msingi huanza, kama walivyoanza waliomtangulia, kwa kuandika ubaoni kanuni ya kwamba faida ni bei ya kuuzia ukitoa bei ya kununulia. Kisha hufuata machungwa. Juma amenunua machungwa 100 kwa shilingi 10,000, ameyauza yote kwa shilingi 15,000. Je, amepata faida kiasi gani? Watoto huandika 5,000, mwalimu hutia alama ya vema, na somo husonga mbele kwenye asilimia. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo kama hatua ya kwanza. Ugomvi wetu ni kwamba kwa walimu wengi hatua ya kwanza ndiyo ya mwisho, na mtoto huondoka darasani akiamini kwamba gharama ni fedha iliyotoka mfukoni, na kwamba kisichotoka mfukoni si gharama. Kutwa nzima aliyokaa Juma juani gengeni haimo katika kanuni, na kwa hiyo haimo kichwani mwa mtoto.

Kosa hilo si la watoto peke yao. Kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1972, makampuni makubwa ya Marekani yalitangaza faida zao yakiwa yameacha nje ya daftari sehemu nzito ya malipo ya wafanyakazi wao, kwa hoja ileile ya Juma wa machungwa: hakuna fedha iliyotoka. Wala hayakuvunja sheria yoyote, maana kanuni za uhasibu zenyewe ziliruhusu. Twapenda kukieleza kisa hicho kwa kirefu kidogo, kwa sababu tunaamini kwamba mwalimu atakayekielewa hatayafundisha machungwa kwa namna ileile tena. Mwanachuo anaweza kuuliza, hisa za Marekani na Darasa la Sita wapi na wapi? Tunaomba atuvumilie. Hesabu yenyewe haizidi kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Hisa ni fungu la umilikaji. Katika kampuni yenye hisa 1,000,000, mtu mwenye hisa 1,000 ana sehemu moja katika kila sehemu elfu za kampuni hiyo, na faida ikigawanywa hupata sehemu hiyo. Sasa kampuni ikitaka kumlipa mhandisi wake inaweza kumpa fedha taslimu. Inaweza pia kumwambia hivi: leo hisa yetu inauzwa dola 20, tunakupa haki ya kununua hisa 1,000 kwa dola 20 hizohizo, wakati wowote baada ya kututumikia miaka minne na kabla ya miaka kumi kwisha. Mhandisi halazimiki kununua. Hisa ikipanda ikafika dola 50, atalipa dola 20,000 na kupokea mali ya dola 50,000. Amefaidi dola 30,000. Ikishuka ikawa dola 15, ataiacha haki yake ife, na hatatoa hata senti moja.

Swali la mhasibu ni hili: siku haki hiyo ilipotolewa, je, kampuni ilitumia kitu? Oktoba 1972 bodi iliyokuwa ikitunga kanuni za uhasibu nchini Marekani wakati huo ilitoa tamko lake namba 25, na jibu lake lilikuwa hesabu ya kutoa tu. Chukua bei ya hisa sokoni siku ile, toa bei atakayolipa mfanyakazi. Tofauti yake ndiyo gharama. Ishirini toa ishirini ni sifuri. Kampuni iliyohakikisha kwamba bei ya ahadi inalingana na bei ya siku haikuandika gharama yoyote, si siku hiyo, wala katika miaka minne ya kungojea, wala siku mhandisi alipoondoka na dola 30,000 zake.

Tuwatendee haki watu wa 1972. Haki za namna hiyo zilikuwa bado chache, nyingi zikitolewa kwa wakubwa wa makampuni, na hapakuwa na njia iliyokubalika ya kupima thamani ya ruhusa ya kununua kitu ambacho bei yake ya kesho haijulikani. Lakini mwaka uliofuata, 1973, wataalamu wawili, Fischer Black na Myron Scholes, walichapisha kanuni ya kupimia thamani hiyo, na mwaka huohuo soko maalumu la kuuzia na kununulia haki za namna hiyo likafunguliwa Chicago. Kitu kinachouzwa sokoni kila siku, watu wakilipa fedha zao kukipata, hakiwezi kusemwa kwamba thamani yake ni sifuri. (Scholes na mwenzake Robert Merton walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997 kwa kazi hiyo; Black alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1995.) Hata hivyo kanuni ya sifuri haikuondoka. Ilikaa, na makampuni, hasa yale machanga ya kompyuta ambayo fedha taslimu zilikuwa haba kwao, yakajifunza kuitumia sana. Makatibu muhtasi na wahandisi walipewa haki za hisa pamoja na mameneja.

Mambo mawili katika kipindi hicho yanastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa Hisabati, maana yanaonyesha jinsi kanuni mbaya inavyowafundisha watu mwenendo mbaya. La kwanza, tamko la 1972 lilisema kwamba kama haki imefungwa na sharti la kazi njema, yaani mfanyakazi ataipata tu endapo kampuni itafikia lengo fulani, basi gharama ihesabiwe na iendelee kubadilika kadiri bei ya hisa inavyobadilika. Matokeo yake ni kwamba malipo yaliyodai juhudi yaliandikwa kama gharama, na malipo yasiyodai chochote ila kukaa kazini yaliandikwa sifuri. Si ajabu kwamba makampuni mengi yalichagua yale ya sifuri. La pili linachekesha kama lisingekuwa zito. Mfanyakazi alipotumia haki yake na kufaidi zile dola 30,000, kwa kawaida kampuni iliruhusiwa kwenda kwa mtoza kodi na kumwambia kwamba hiyo ilikuwa gharama ya kulipa wafanyakazi, ikapunguziwa kodi. Kwa wanahisa gharama ilikuwa sifuri. Kwa serikali ilikuwa dola 30,000. Malipo ni yaleyale, na kila daftari lilikuwa na jibu lake, na yote mawili yalikuwa halali.

Juni 1993 bodi mpya ya viwango vya uhasibu, iliyokuwa imechukua nafasi ya ile ya zamani mwaka 1973, ilipendekeza kwamba thamani ya haki hizo ikadiriwe siku inapotolewa na iandikwe kama gharama. Kelele zilizozuka hazijapata kusikika kwa jambo kavu kama uhasibu. Makampuni yalidai kwamba faida zao zingeporomoka, wawekezaji wangekimbia na ubunifu ungekufa. Mei 1994 Baraza la Seneti lilipiga kura 88 kwa 9 kuitaka bodi iache mpango wake. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, lakini wajumbe wa bodi waliuelewa ujumbe. Oktoba 1995 walitoa kiwango namba 123, kilichosema kwamba kuandika gharama ni vizuri, ila asiyetaka anaweza kuieleza katika maelezo yaliyo nyuma ya hesabu. Miongoni mwa yale makampuni makubwa 500 yanayotumiwa kupimia soko la hisa la Marekani, mawili tu, Boeing na Winn-Dixie, ndiyo yaliyokuwa yakiandika gharama hiyo mahali pake hadi kufikia mwaka 2002. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kazi ya nyumbani ni ya hiari, sote tunajua ni madaftari mangapi yataletwa asubuhi.

Kilichobadili mambo ni aibu. Enron ilifilisika Desemba 2001 na WorldCom Julai 2002. Ni lazima tuseme wazi kwamba makampuni hayo hayakuangushwa na hesabu za haki za hisa. Yaliangushwa na udanganyifu wa namna nyingine. Lakini watu walianza kuuliza kwa nini wakubwa wa makampuni walikuwa na uchu kiasi kile cha kupandisha bei ya hisa, na wengi walijibu kwa kunyosha kidole kwenye haki walizokuwa wamejilimbikizia. Julai 2002 Coca-Cola na kampuni ya gazeti la Washington Post zilitangaza kwamba zingeanza kuandika gharama hiyo kwa hiari. Katika bodi za zote mbili aliketi Warren Buffett, mwekezaji wa Omaha, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwasumbua wahasibu awaulize gharama hiyo iandikwe wapi kama si katika hesabu ya mapato na matumizi. Mengine yakafuata kwa mamia. Februari 2004 bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu, yenye makao yake London, ilitoa kiwango chake namba 2, kinacholazimisha gharama hiyo iandikwe kuanzia Januari 2005. Desemba 2004 bodi ya Marekani nayo ikalazimisha, kwa miaka ya hesabu ya makampuni makubwa iliyoanza baada ya katikati ya Juni 2005.

Kabla ya hapo palitokea jambo moja ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Julai 2004 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 312 kwa 111, muswada uliotaka gharama iandikwe kwa mkubwa wa kampuni na wenzake wanne wanaolipwa zaidi tu, na kwamba katika kuikadiria ichukuliwe kuwa bei ya hisa haiyumbi kabisa. Mwanachuo afikiri juu ya maneno hayo. Haki ya kununua kwa bei ya leo ina thamani kubwa kwa sababu bei ya kesho inayumba. Kusema kwamba haiyumbi ni sawa na kupima urefu wa nguo baada ya kuikunja. Muswada huo haukupita katika Seneti, kwa hiyo haukuwa sheria. Lakini unaonyesha kwamba watu wakishindwa kulifuta swali, watajaribu kupiga kura juu ya jibu.

Kiwango cha kimataifa ndicho kinachotumika Kenya, iliyokubali viwango hivyo mwaka 1999, na Tanzania, iliyovikubali mwaka 2004. Benki iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi au la Dar es Salaam ikiwapa wafanyakazi wake haki za hisa, hufuata utaratibu huo. Hivyo jambo hili si geni kwetu kama linavyosikika.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Siku ya kutoa haki, wahasibu hukadiria thamani yake kwa kutazama bei ya hisa leo, bei ya ahadi, muda wa kungojea hadi haki itumike, jinsi bei inavyoyumba, riba na gawio. Tuseme kwa mhandisi wetu wanapata dola 8 kwa kila hisa, yaani dola 8,000 kwa hisa 1,000. Kiasi hicho hugawanywa katika miaka minne ya utumishi: dola 2,000 kila mwaka huandikwa kama gharama, sawa na mshahara. Akiacha kazi kabla ya miaka minne kutimia, kilichokwisha kuandikwa hufutwa, maana hakutimiza sehemu yake ya mapatano. Lakini akitimiza, kisha hisa ikashuka na haki ikafa mikononi mwake, gharama haifutwi.

Hapo wengi hukasirika. Wanauliza, inawezekanaje kampuni iandike gharama ya dola 8,000 kwa kitu kilichokuja kuwa bure? Jibu liko katika tiketi ya bahati nasibu. Mtu akimlipa kibarua wake kwa tiketi ya shilingi 2,000, amemlipa shilingi 2,000. Kibarua akishinda milioni, mwajiri hakumlipa milioni. Akikosa, mwajiri hawezi kusema hakumlipa kitu. Bei ya tiketi ni jambo moja na bahati ya tiketi ni jambo jingine. Wako wahasibu wanaoona kwamba ingefaa kungoja mwisho na kuandika kilichotokea hasa. Hoja yao ina uzito, maana makadirio ya siku ya kwanza hukosea mara nyingi. Sisi twaegemea upande wa siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo siku mapatano yalipofanywa.

Hoja kubwa zaidi ya wapinzani ilikuwa kwamba makadirio si namba ya kutegemewa, na kwamba ni afadhali kuacha kuandika kuliko kuandika kisicho na hakika. Hoja hiyo tunaisikia pia katika vyumba vya madarasa, ingawa kwa sauti nyingine. Mtoto akiulizwa kukadiria idadi ya maharage yaliyomo katika kopo, mara nyingi hunyamaza, kwa sababu amefundishwa kwamba jibu lisilo kamili ni kosa. Lakini kunyamaza ni jibu pia. Kuacha nafasi wazi katika safu ya gharama ni kuandika sifuri, na sifuri ni kadirio baya kuliko yote kwa kopo ambalo kila mtu anaona lina maharage. Mbona wahasibu hukadiria mashine itadumu miaka mingapi, na ni wadeni wangapi hawatalipa, na hakuna anayeandamana? Mazoezi ya kukadiria, ambayo wanachuo wengi huyaruka katika maandalio yao ya somo kwa kuona kwamba ni mchezo, ndiyo hasa msingi wa jambo hili.

Sasa tuingie darasani. Hatupendekezi hata kidogo kwamba watoto wafundishwe soko la hisa la Marekani. Tunapendekeza mashine ya kusaga, ambayo karibu kila mtoto amewahi kutumwa huko na debe la mahindi kichwani. Zana ni ubao, chaki, na vijiti au vizibo vya soda vya kugawanya. Tarakimu ni za mfano tu. Mwalimu abadili zilingane na mahali pake.

Mzee Rajabu na wenzake watatu wanamiliki mashine yenye thamani ya shilingi 4,000,000, kila mmoja fungu moja la shilingi 1,000,000. Wanamtaka Hamisi aendeshe mashine. Hamisi angekubali mshahara wa shilingi 120,000 kwa mwezi, lakini wazee wanamwambia: pokea 110,000, nasi tunakupa haki ya kuingia kuwa mwenye fungu la tano baada ya miaka miwili, kwa bei ileile ya leo, shilingi 1,000,000. Hamisi anafikiri, anakubali. Kila mwezi mashine inaingiza shilingi 400,000, na dizeli na matengenezo vinakula 180,000.

Mwalimu agawe darasa makundi mawili, kila kundi litunze daftari lake. Kundi la kwanza liambiwe liandike fedha zilizotoka sandukuni tu. Litapata 400,000 toa 180,000 toa 110,000, faida 110,000. Kundi la pili liambiwe liandike kila kitu ambacho mashine imetumia ili kupata kazi ya Hamisi. Hapa mwalimu asiwasaidie upesi. Baadhi ya watoto watasema ni 110,000 vilevile. Mmoja au wawili watauliza, kwa nini Hamisi akubali kidogo wakati angeweza kupata zaidi? Swali hilo likitoka, somo limepata mguu. Hamisi ameacha shilingi 10,000 kila mwezi, na hakuna mtu anayeacha shilingi 10,000 kwa kitu asichokithamini. Kwa hiyo ahadi ya wazee ina thamani, na kwa makadirio ya Hamisi mwenyewe haipungui shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa miezi 24. Daftari la pili litasema faida ni 100,000. Watoto watafute tofauti kwa asilimia: kundi la kwanza limeitia faida chumvi kwa asilimia 10.

Kwa kawaida kundi la kwanza hujitetea, na mwalimu aliache lijitetee. Litasema sandukuni mna 110,000, tuhesabu tuone! Ni kweli, zimo. Hakuna daftari kati ya hayo mawili linalosema uongo juu ya sanduku. Ubishi ni juu ya faida, na faida si jina jingine la fedha zilizomo sandukuni. Mtoto akilishika hilo katika Darasa la Sita, amelishika jambo ambalo maseneta 88 hawakutaka kulisikia.

Kipindi cha pili kiwe cha kugawanya. Miaka miwili imepita, mashine imepata wateja wengi, thamani yake sasa ni shilingi 6,400,000, na kila mzee ana fungu la 1,600,000. Hamisi anatoa shilingi 1,000,000 zake, zinaingia katika mali ya mashine, jumla inakuwa 7,400,000. Gawanya kwa watu watano: kila mmoja ana 1,480,000. Hamisi alilipa 1,000,000 na amepata 1,480,000, amefaidi 480,000. Darasa likiulizwa fedha hizo zimetoka wapi, sauti za kwanza zitasema zimetoka kwenye biashara, au zimetoka hewani. Mwalimu awarudishe kwa wazee. Kila mzee alikuwa na 1,600,000, sasa ana 1,480,000. Amepungukiwa 120,000. Zidisha kwa nne. Inapopatikana 480,000 ileile, darasa hunyamaza kidogo, na ukimya huo mwalimu asiuharibu kwa maelezo. Gharama haikutoka sandukuni kwa sababu ilitoka moja kwa moja kwa wenye mashine.

Kisha geuza hadithi: mashine imeharibika mara kwa mara, thamani imeshuka hadi 3,200,000, fungu moja ni 800,000. Je, Hamisi atanunua kwa 1,000,000? Hatanunua. Amepoteza zile 240,000 alizoziacha kwenye mshahara. Waulizwe kama daftari la pili lifutwe. Hapo ndipo tiketi ya bahati nasibu inapofaa kuletwa, wala si kabla. Watoto wenye akili kali wataona pia kwamba 240,000 na 480,000 hazilingani, na watataka kujua ipi ni sahihi. Ya kwanza ni bei ya ahadi ilipotolewa, ya pili ni ahadi ilivyozaa.

Mwanachuo atakayejaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha huenda akaambiwa na mwalimu mwenyeji kwamba halimo katika mtihani. Pengine ni kweli. Lakini mtoto huyu baada ya miaka michache atakuwa mwanachama wa chama cha ushirika au cha kuweka na kukopa, na siku ya mkutano mkuu atasomewa taarifa ya faida. Methali yasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba mali yaweza kupotea hata daftari likiwapo, kama anayelisoma anajua kuhesabu sanduku tu. Na tusiende mbali. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, mashamba ya shule yameandikiwa hesabu za faida ambamo mbegu zimo, mbolea imo, magunia yamo, na saa za watoto walioshika jembe ni sifuri. Hatusemi watoto walipwe. Twasema hesabu ya shamba la shule ni andalio la somo lililo tayari, na mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi wake faida ya shamba hilo ingekuwa kiasi gani kama vibarua wangekodiwa. Mwalimu mkuu asipolipenda swali hilo, bado ni swali zuri la Hisabati.

Wala asidhani mtu kwamba Marekani ugomvi umekwisha. Makampuni mengi, kabla ya kiwango kipya kuanza, yaliharakisha kuwaachia wafanyakazi haki ambazo muda wake ulikuwa haujatimia, ili gharama yake isiingie katika miaka ijayo. Microsoft ilikuwa imekwisha tangaza Julai 2003 kwamba inaacha kutoa haki za kununua na badala yake itatoa hisa zenyewe. Na hadi leo yako makampuni ya teknolojia ambayo, baada ya kutangaza faida kwa mujibu wa kanuni, hutangaza faida ya pili waliyoirekebisha wenyewe, na kitu cha kwanza kutolewa humo ni gharama ya hisa za wafanyakazi, kwa maelezo kwamba si ya fedha taslimu. Ni Juma wa machungwa, amevaa suti.

Tukimaliza na darasa letu: katika kipindi cha pili kuna mtoto atakayekumbuka kwamba ahadi ni deni, na atauliza kwa nini ahadi ya Hamisi haikuandikwa upande wa madeni. Ni swali ambalo wahasibu wamelijibu kwa kutenganisha. Kama wazee wangemwahidi Hamisi fedha zinazolingana na kupanda kwa fungu, lingekuwa deni, na lingepimwa upya kila wakati wa kufunga hesabu, kwa kuwa siku moja sanduku lingefunguliwa. Walichoahidi ni fungu. Sanduku halitatoa kitu, na kwa hiyo huandikwa upande wa mtaji wa wenye mali. Mwalimu asilitoe jibu hilo haraka. Amwulize kwanza yule mtoto, na darasa lote lisikie, kama Hamisi anawadai wazee fedha au anawadai nafasi ya kuketi nao.